Bibi kasahau majina yetu ila taarab anaimba mpaka mwisho, nimtafutie nyimbo zipi?

bint_chumbageni

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri, na kama kuna anayeielewa hii kitu anieleweshe maana mi imenishinda.

Bibi yangu mzaa mama tunaishi nae hapa Tanga mjini, sikuizi kasahau kweli kweli. Mimi ananiita jina la mama, mama anamwita jina la dada yake aliyefariki zamani, akimaliza kula anakaa kidogo anauliza mbona leo jiko halijawashwa. Hospitali tumempeleka, daktari kasema ni ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, dawa kaandikiwa na tumeelekezwa namna ya kuishi nae, kwaio msiseme tumekaa tu tunamwangalia.

Sasa majuzi jirani walikua na shughuli wakafungulia taarab ya zamani, ile yenye fidla na gitaa sio hizi za kinanda kitupu, mi niko uani nafua nasikia mtu anaimba chumbani. Kwenda kuchungulia ni bibi. Yani kaimba beti kwa beti, pa kuitikia kaitikia, na ilipokwisha akaanza kuhadithia habari za shoga yake mmoja, walivyoshona gauni sare kwa ajili ya harusi Ngamiani na fundi akawaharibia mikono, na kanga gani walijitanda kuficha ile mikono. Mama akabaki kamtolea macho maana hio stori hata yeye hajawahi kuisikia toka azaliwe. Mtu hakumbuki kama kala mchana ila anakumbuka mkono wa gauni wa usichanani!

Sasa nataka kumtengenezea flashi yake awe anaskiliza. Niweke nyimbo gani, za akina nani? Na je haina madhara, maana usiku ule alilia lia kidogo, tukimuuliza nini anasema hapana.

Mgosi wa Barabara ya 12

Dada pole na hongera kwa kumtunza bibi. Hapo umefika kwenyewe, mi kazi yangu ndo hio, kujaza watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi.

Swali la kwanza bibi kazaliwa mwaka gani? Maana wateja wengi wanakuja "mgosi niwekee za zamani za mama", ukimuuliza zamani ipi anakutajia kundi la Jahazi. Sasa Jahazi ni zamani yako wewe, mama ako wakati huo keshakua mtu mzima ana madeni na kikoba. Mtu nyimbo inayomuingia ni ile iliyomkuta ana miaka kumi na kitu mpaka ishirini na kitu huko, anaanza kupenda, anaanza kutoroka kwao usiku. Hapa kibandani nshaona, akija mtu wa arobaini na kidogo anataka Bongo Fleva za mwanzo mwanzo, Wagosi wa Kaya wetu hao lazima wawemo. Akija mama wa hamsini na kitu anataka vikundi vya taarab vya East African Melody na TOT enzi za Khadija Kopa, na ukimuwekea tu anaanza kumsema mke mwenzie wa mwaka huo 😂

Kwaio lete mwaka tupige hesabu.

bint_chumbageni

Kitambulisho kinasema 1946, ingawa sikuizi tunajua wazee wengi waliandikiwa kwa kukisia. Ila alikua anasema siku ya Uhuru yeye kigoli, na aliolewa si mda mrefu baada ya hapo.

Mzee wa Santuri

Marahaba mjukuu wangu. Hesabu hapo ni nyepesi, Uhuru ni Desemba 1961, ana miaka kumi na tano. Basi huyo bibi yako ni wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, usihangaike kwengine. Miaka ya 60 mji huu wa Tanga ulikua na taarab yake ambayo Unguja hawakua nayo. Wenzetu kule ni kundi zima, fidla nyingi, ganuni, udi, wamekaa na suti zao wanafuata mambo ya Misri. Sisi huku vikundi vidogo, tukatia gitaa la umeme na besi, mdundo ukachangamka ukakaribia dansi, na mbele anasimama mwanamke anaimba. Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani hapo, kapitia Black Star na Lucky Star zote mbili kabla ya kwenda Dar kwenye kundi la jeshi. Alifariki 2016 Mungu amrehemu. Mtafutie huyo kwanza, nyimbo za Tanga sio zile za mwishoni.

Wakati huohuo mjini hapa kulikua na dansi, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Wale ndugu wawili Wilson na George Kinyonga waliokuja kuvuma Nairobi na bendi ya Simba Wanyika, vijana wa hapahapa, Jamhuri ndo waliianzia kabla ya kwenda Arusha na baadae Kenya. Wengi wanadhani ni Wakenya, na ukibisha wanakununia. Sasa bibi kama alikua mtoto wa geti kali dansini hakufika, ila redioni alisikia, kwaio weka chache uone.

Na kuna kitu kimoja vijana mnakisahau. Nyimbo za kipindi chetu zina kumbukumbu nyingi kwa sababu hatukua na uchaguzi. Redio ni moja, ya taifa, mpaka katikati ya miaka ya 90 ndo zikaingia za watu binafsi, Radio One 1994. Bendi zinarekodi studio ya RTD, yani hio Redio Tanzania Dar es Salaam, wimbo unapigwa saa fulani, mji mzima unausikia saa hiohio, mmoja yuko kwa kinyozi mwengine anakaanga samaki. Ukikosa umekosa, unangoja wiki ijayo. Ndo maana wimbo ulishikana na mahali na watu uliokua nao. Mimi nikisikia gitaa la Jamhuri namuona marehemu kaka yangu kapandisha redio juu ya kabati eti ikamate vizuri, na sisi wadogo hatuthubutu kuigusa hata kwa kufuta vumbi. Nyie leo wimbo mmoja mnausikia kwenye bajaji, dukani, kwenye simu, harusi saba, utakukumbusha nini?

kijana_wa_duga

Mzee shikamoo ila hapo nakataa kidogo. Kuna nyimbo nimezisikia mara elfu na bado zina mahali pake. Mi Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alipofariki nilikua shule ya msingi, redio ikawa inapiga maombolezo kutwa kucha, kwaya na zile za bendi, mpaka leo nikisikia kwaya ya namna ile narudi palepale, harufu ya sare zilizolowa mvua, mwalimu wetu kageukia ubaoni hataki tumuone. Na sidhani ni mimi peke angu, muulize yeyote wa rika langu.

Alafu swali lingine kwa wote, mnajuaje anachokumbuka bibi ni kweli? Mama angu anaapa kuna wimbo flani ulipigwa siku ya harusi yake, hadi anakuonesha mahali spika ilipokaa. Wimbo umetoka mi nshazaliwa! Ukimwambia anakasirika anasema we ulikuepo?

nesi_mstaafu

Nimecheka na huyo mama wa Duga. Habari zenu jamani. Nimefanya kazi wodi miaka mingi, hawa wazee nimewalea, ngoja niseme ninachokijua.

Bint, bibi hajifanyi na wala sio maajabu ya kuogopa. Ugonjwa huu, hasa ule wa Alzheimer, unaanza kushambulia mapema sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyaweka. Ndo maana cha mchana hakikai, chakula amekula lakini hakikuandikwa popote. Ya zamani yalikwishaandikwa kitambo na yametawanyika sehemu nyingi. Wimbo haukai mahali pamoja, sauti kivyake, maneno kivyake, mdundo kivyake na hisia kivyake, kwaio hata njia moja ikiziba nyingine inapitika. Na taarab ni mashairi yana vina na mizani, mara nyingi kipande mizani nane na kipande nane, neno moja linalivuta linalofuata. Jaribu kumwambia asimulie tu bila wimbo uone kama atafika.

Kuna mtafiti anaitwa Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, mwaka 2009 alitoa utafiti ambao watu walilazwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wanasikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma walipokua na umri wa miaka 8 mpaka 18. Wimbo ukimkumbusha mtu jambo la maisha yake, sehemu ya mbele ya ubongo pale katikati nyuma ya paji la uso inachangamka, na kadiri kumbukumbu inavyokua kali ndo inazidi. Na sehemu hio kwa wagonjwa wa Alzheimer ni katika zinazochelewa kunyauka. Sasa unganisha na alichosema Mgosi kuhusu umri, kapatia, kibanda chake nacho kinafanya utafiti.

Kuhusu ukweli wa kumbukumbu, kijana una hoja. Wimbo unaleta hisia kali na mtu akihisi sana anaamini sana, lakini kuamini sana sio kupatia. Mama ako furaha ya harusi ni ya kweli, spika ndo kaihamishia. Ila kwa mgonjwa hilo lisiwe mjadala kabisa. Bibi akisema gauni lilikua la bluu na we unajua lilikua la pinki, ni la bluu. Na msimgeuze mtihani, "bibi huyu nani aliimba? bibi mimi nani?" mnamtia aibu, atanyamaza.

Kulia. Hilo liangalieni. Kulia kidogo alafu akatulia na akataka tena, sio vibaya, nani asiemlilia shoga yake. Akilia akawa anahangaika, anataka kutoka nje, anamwita mtu, zima, badilisha wimbo, mshike mkono. Pengine wimbo huo ulipigwa wakati wa msiba au wa talaka, nyie hamjui. Kwaio kuwe na mtu jirani, msimuwekee spika mkaenda sokoni.

Ummu S

Assalaam alaykum. Mi naona ajabu mtu yuko mwisho wa safari yake mnahangaika kumjazia taarab za mapenzi. Muwekeeni Qur'an ndo itamfaa.

bint_chumbageni

Waalaykum salaam dada angu. Qur'an anasikiliza kila alfajiri na Yaasin anaisoma na sisi, na hio pia haijapotea, anasahau udhu katikati ila aya haachi hata moja. Hatujaondoa kitu, tunaongeza.

Ummu S

Basi Allah awalipe. Kama ni hivyo usisahau na maulidi. Bibi zetu wa Tanga wamekua na Barzanji, na kasida za madrasa za watoto wa kike. Marehemu mama angu alikua hanijui mimi ila tukifika mahali pa kusimama kwenye maulidi anataka kuinuka kitini. Miguu haiwezi lakini anataka. Na udi uwashwe, msisome mkavu mkavu.

Ngoma Bwagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Nimependa Ummu alivyosema habari ya kuinuka. Mi nilisoma hapa chuo cha sanaa, TaSUBa ya sasa, kilianza 1981 hapohapo ufukweni, na tulikua tunapokea wazee wa vijijini kuja kutufundisha ngoma. Kuna mzee mmoja alikua keshachoka, ukimuuliza ngoma hii mnaanzaje anakuambia sijui, nimesahau, waulizeni wenzangu. Tukaacha kumuuliza, tukamuwekea ngoma katikati ya miguu. Mikono ikaanza yenyewe, na mikono ilipofika kati ndo mdomo ukafunguka, akataja aliyemfundisha, akataja na mti waliokua wanachezea chini yake. Maswali yetu yote yalikua hayajafika huko.

Kwaio bint spika sio mwisho. Bibi wa 1946 mwambao huu, kabla hajaijua taarab ya redio kacheza ngoma za wanawake, lelemama na zile za unyagoni ambazo mi mwanaume sizijui na sitaki kuzijua. Hizo hazipo YouTube, na kama zipo sio za mtaa wenu. Tafuta mtu wa rika lake waimbe wote. Kuimba kunaenda ndani zaidi kuliko kusikiliza, mtu anayesikiliza anaweza kusinzia.

Mgosi wa Barabara ya 12

Bwagamoyo umeniharibia biashara hapo 😂😂 ila kweli. Dada flashi nishaiandaa, Black Star, Lucky Star, Jamhuri kidogo, Atomic kidogo, kasida, na za Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, mbili tatu.

Mzee wa Santuri

Umm Kulthum sawa, sisi tulikua tunamngoja Alhamisi ya kwanza ya mwezi redio ya Cairo, anaimba wimbo mmoja saa nzima, wazee barazani wanatikisa vichwa hakuna anayeelewa hata nusu. Lakini kwa huyu bibi sina hakika.

bint_chumbageni

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nilipotea, bibi alipata malaria ila sasa yuko vizuri.

Mzee wa Santuri una macho ya mbali. Umm Kulthum bibi kasema "zimeni hio, ya wanaume wa barazani, wanataka kahawa na hawaondoki." Tulicheka hatukuamini! Dansi aliskiliza tu, kakunja mikono, hakusema kitu. Tulipofika Black Star akakaa vizuri, akajifunga kanga upya, akaanza kuimba, na katikati akatia mkono kifuani kwenye gauni anatafuta hela ya kumtunza mwimbaji. Hana hela pale siku nyingi. Mama akampenyezea noti, akaishika mpaka wimbo ukaisha, alafu akanipa mimi, nenda kampe. Sijui nilikua mwimbaji au mtoto wa kutumwa, nimeila soda.

Ila kubwa kuliko zote alikuja shangazi yake mama kutoka Pangani, mdogo kwa bibi kidogo. Nikamwambia habari ya lelemama, akasema mnayo sinia? Akaligeuza akaanza kuligonga kwa kijiko, taratibu. Bibi mwanzo kakunja uso kama anakerwa na kelele. Alafu akasema "unawahi." Yani anamsahihisha! Akamnyang'anya kijiko akagonga yeye, na wakaimba kitu ambacho sijawahi kukisikia, maneno mengine ni ya kumsema mwanamke wa mtaa wa pili na yana matusi ya chini chini, shangazi anaficha uso. Katikati ya hayo bibi akamwita shangazi jina lake la utotoni, ambalo shangazi anasema tangu mama yake afariki hakuna mtu kamwita hivyo. Hapo ndo walilia wote wawili, tena kulia kweli, lakini hawakutaka tuwatoe.

Mimi bado ananiita jina la mama. Nilitegemea labda siku hio ningeitwa langu, haikuwa, na kesho yake asubuhi hakumbuki kama shangazi alikuja. Ila mama anasema kutwa ile alikua mwepesi, kala vizuri, kamsuka mtoto wa jirani nywele, mistari imepinda kidogo lakini kamaliza kichwa.

Nimerekodi kwa simu vipande vichache. Nesi nilikua na swali, usiku ule alichelewa sana kulala, anagonga gonga ukuta kwa vidole.

nesi_mstaafu

Hio ni kawaida, amechangamka kupita kiasi. Hawa jua likishazama ndo wanavurugika zaidi, kwaio muziki wa kuimba na kugonga uwe asubuhi au baada ya sala ya alasiri. Usiku kama ni lazima weka kasida ya taratibu sauti ndogo. Na nusu saa inatosha, msitake kumaliza flashi yote kwa siku moja. Hio ya jina lako usiibebe moyoni, anakuita jina la mtoto wake, anajua we ni wake.

kijana_wa_duga

Hizo ulizorekodi dada usizifute, na andika maneno wakati shangazi bado yupo akueleweshe. Mwanamke wa mtaa wa pili familia yake wasijue lakini 😂

Ngoma Bwagamoyo

Na rekodi mdundo wa bibi, sio wa shangazi. Kama alisema "unawahi" basi yeye ndo alikua mpigaji wa kundi. Muulize shangazi.

bint_chumbageni

Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Anasema ndio, bibi alikua anagonga upatu wa ngoma na babu alivyomuoa akamkataza. Mama hakuwahi kuambiwa. Tumehamishia alasiri nesi, asante. Mgosi nakuja Jumamosi, zile za Umm Kulthum zitoe, hio nafasi uniwekee maulidi.